Kutoka Gunia la Kahawa hadi Duka la Mtandaoni: Watu Wetu na Biashara ya Mbali



Kila Desemba, magari yanapoanza kupandisha kutoka Himo na majirani wanapoulizana nani amefika na nani bado, mimi hupata wateja wasiolipa. Uhasibu ni kazi inayonifuata hadi kihambani. Sijamaliza hata bakuli la mtori, atatokea mtu aliyekuja likizo kutoka Ujerumani, Marekani au Dubai, atavuta kiti na kusema, "Wewe si ndiye mhasibu? Nataka kufungua kabiashara ka mtandaoni nikiwa hukohuko. Nianzie wapi?"

Wengi hutegemea niwaeleze habari za tovuti, matangazo na picha nzuri. Mimi huanza na kahawa ya babu zetu. Wengine hudhani nawapotezea muda, lakini sivyo. Swali wanaloniuliza leo ni lile lile walilokuwa nalo wakulima wa mlima huu karibu miaka mia moja iliyopita: mali iko hapa, mnunuzi yuko ng'ambo, na katikati kuna watu wengi. Nani atajua bei ya kweli, na nani ataandika hesabu?

Kamati iliponiomba niandike makala ya mwaka huu, niliona afadhali niyaweke maelezo hayo mahali pamoja, ili Desemba ijayo nipate nafasi ya kumaliza mtori wangu.

Kahawa ilivyotufundisha soko la mbali

Miche ya kahawa ililetwa katika misheni ya Wakatoliki ya Kilema mnamo 1898. Mwanzoni ilikuwa mimea ya misheni na ya walowezi. Reli kutoka Tanga ilipofika Moshi mwaka 1911, njia ya kufika bandarini ilifupika na kahawa ikawa zao la kuvutia. Baada ya Vita Kuu ya Kwanza, Waingereza walipochukua nchi, wakulima wetu waliongeza kupanda kahawa chini ya migomba. Charles Dundas, mtawala wa wilaya wakati huo, aliwaunga mkono. Walowezi walipinga. Walidai mashamba ya Waafrika yangeeneza magonjwa ya kahawa na kwamba kahawa yao ingeibwa. Ukweli mwingine ni kwamba mtu mwenye kahawa yake hana haja ya kwenda kuwa kibarua katika shamba la mtu mwingine.

Mwaka 1925 wakulima waliunda chama chao, Kilimanjaro Native Planters' Association, na Joseph Merinyo akawa rais wake. Chama kilitetea haki ya kulima kahawa, kikasaidia kupata dawa za kunyunyizia, na kikaanza kukusanya na kuuza kahawa ya wanachama kwa pamoja. Hilo la mwisho ndilo linalotuhusu hapa. Mkulima mwenye gunia moja hawezi kuzungumza na mnunuzi wa London. Wakulima elfu wenye gunia moja moja wanaweza, mradi kuwe na mtu wa kupima, kupanga madaraja, kuuza na kuwarudishia hesabu.

Bei za mazao zilipoanguka duniani baada ya 1929, chama kilielemewa. Mwaka 1933 nafasi yake ilichukuliwa na KNCU, chama kikuu cha ushirika kilichokusanya vyama vya msingi vya mlimani. Wazee wetu waliobaki wanaukumbuka utaratibu wake vizuri. Mkulima alipeleka kahawa chama cha msingi, ikapimwa mbele yake, akapewa risiti na malipo ya kwanza. Kahawa ilipouzwa na gharama kutolewa, yakaja malipo ya pili. Malipo hayo ya pili yalijenga nyumba na kusomesha watoto. Sisi tuliokaa kwenye madawati ya shule tumekalia kahawa hiyo.

Mambo hayakuwa mazuri wakati wote. Mwaka 1937 zilizuka vurugu hapa mlimani. Wakulima walikuwa wamelazimishwa kuuza kahawa yote kupitia ushirika, bei ilikuwa chini, na wengi hawakuelewa makato yalikuwa ya nini. Ushirika uleule ulioundwa kumtetea mkulima ukaonekana machoni pake kama mnyonyaji mwingine. Kwa macho ya mhasibu, mwaka 1937 una somo kubwa kuliko mwaka 1933: mtu akiona amepata kidogo na hajaelezwa sababu, atajijazia sababu mwenyewe, na sababu atakayoichagua itakuwa wizi.

Miaka ya uhaba na kontena la kwanza

Mwaka 1976 serikali ilivunja vyama vikuu vya ushirika. Vilirudishwa katika miaka ya 1980, lakini imani ilikuwa imetikisika. Mwaka 1977 Jumuiya ya Afrika Mashariki ilivunjika na mpaka wetu na Kenya ukafungwa hadi 1983. Sisi tunaoishi karibu na Holili na Taveta tunajua maana yake: ndugu wa upande wa pili walikuwa karibu kwa miguu, lakini mbali kwa sheria. Vita na Uganda vya 1978 na 1979 vilimaliza akiba ya fedha za kigeni. Sabuni, sukari, vipuri na nguo vikawa vitu vya kupanga foleni. Mwaka 1983 ikaja kampeni dhidi ya wahujumu uchumi, na mtu aliyekutwa na bidhaa nyingi alikuwa na maelezo ya kutoa.

Mwaka uliofuata, 1984, serikali ililegeza. Mtu mwenye fedha zake za kigeni aliruhusiwa kuagiza bidhaa bila kuulizwa sana alizipata wapi. Kwa wachumi hiyo ni hatua ndogo katika historia ya mageuzi. Kwa familia zilizokuwa na mtu nje ya nchi, ilikuwa mlango mkubwa. Aliyekuwa masomoni au kazini Ulaya aliweza sasa kununua vipuri, redio, nguo za mitumba, hata gari la kubeba abiria, akaleta nyumbani, ikauzwa, na mtaji ukazunguka. Mwaka 1992 sheria mpya ya fedha za kigeni iliruhusu maduka ya kubadilishia fedha, na biashara hiyo ikatoka kivulini.

Hao ndio wafanyabiashara wetu wa kwanza walioishi ng'ambo. Hawakuwa na intaneti. Walikuwa na barua zilizochukua wiki tatu, simu ya kupanga foleni, na kaka au shemeji wa kupokea kontena bandarini. Waliofanikiwa walikuwa na kaka mwenye daftari. Walioshindwa tunawajua pia, na baadhi ya nyumba ambazo hazijaisha hapa mlimani ni kumbukumbu yao. Fedha zilitumwa, matofali yalinunuliwa, na hakuna aliyeandika.

Wakati huohuo kahawa ilikuwa inashuka. Julai 1989 mkataba wa kimataifa uliokuwa ukigawa mgao wa mauzo kwa nchi zinazozalisha ulivunjika, na bei ikaanguka. Vihamba vilikuwa vimegawanywa kwa watoto na wajukuu hadi vikawa vidogo. Vijana walioshuka Moshi, Arusha na Dar es Salaam hawakurudi kulima. Wengine waliendelea na safari hadi Dubai, Guangzhou, London, Minneapolis na Houston. Mlima ulianza kuuza watu wake badala ya kahawa yake.

Mtandao ulipoingia

Mwaka 1995 Pierre Omidyar, mtoto wa wahamiaji wa Kiirani aliyezaliwa Paris na kukulia Marekani, alianzisha tovuti ya mnada iliyokuja kuitwa eBay. Amazon ilikuwa imeanzishwa mwaka mmoja kabla. Mwaka 1999 Jack Ma na wenzake walianzisha Alibaba mjini Hangzhou, China. Kwa mara ya kwanza mtu asiye na duka, gari wala jina aliweza kumwuzia mtu asiyemjua katika mji asiowahi kufika.

Kwetu mabadiliko yalikuja kwa hatua. Mwanzoni mwa miaka ya 2000 wapagazi na waongozaji wetu waliokuwa wakisubiri wageni langoni walianza kusikia kwamba wageni wameshalipia safari wakiwa kwao, kwa barua pepe. Watu wa Marangu ni waongozaji tangu siku za Yohani Lauwo, anayekumbukwa kuwa miongoni mwa waliompeleka Hans Meyer mlimani mwaka 1889. Lakini kuongoza ni kazi moja na kumpata mgeni ni kazi nyingine. Wale waliokuwa na ndugu Ulaya wa kujibu barua pepe kwa Kiingereza au Kijerumani kizuri, saa ambayo mgeni yuko macho, walipata wageni wao wenyewe.

Mwaka 2008 M-Pesa ilianza Tanzania, mwaka mmoja baada ya Kenya. Mwaka 2009 mkongo wa SEACOM ulitua Dar es Salaam na intaneti ikaacha kutegemea setilaiti peke yake. Baadaye zikaja simu janja, WhatsApp na Instagram, na kijana wa Kariakoo akaanza kuuza viatu bila kufungua fremu. Mwenzake aliye Guangzhou hupiga picha sokoni asubuhi, picha ikafika Dar es Salaam kabla ya chai, oda zikakusanywa, na mzigo ukapandishwa meli kwa kugawana nafasi ndani ya kontena.

Hata hivyo, kitu kimoja hakikubadilika haraka, nacho ndicho kilichompa mtu wetu wa ng'ambo nafasi yake. Kwa miaka mingi huduma kubwa za malipo ya mtandaoni zilimruhusu mtu aliye Tanzania kulipa, lakini hazikumruhusu kupokea. Mama anayesuka vikapu au kukaanga kahawa anaweza kuwa na simu, picha na wateja, asiwe na mlango wa kupokea dola. Mlango huo anao mwanawe aliye nje: ana akaunti ya benki, ana anwani, na anaweza kurudisha mzigo ukikataliwa.

Hapa ndipo naomba wenzetu mlio nje mnisikilize vizuri. Mtandao ulisemekana kuwa umemwondoa mtu wa kati. Haukumwondoa. Umemweka wewe. Umekaa pale alipokaa mnunuzi wa kahawa wa mwaka 1925. Unajua bei ya mwisho na wa nyumbani haijui. Unashika fedha kwanza na wa nyumbani anasubiri. Unaweza kuwa KNCU ya siku zake nzuri, yenye risiti na malipo ya pili, au ukawa yule ambaye babu zako walijiunga ili wamkwepe.

Hesabu niliyoinyamazia

Nasema haya kwa sababu nimekuwa sehemu ya kosa hilo.

Mwaka 2010 nilikuwa Uingereza masomoni. Viza ya mwanafunzi haikuniruhusu kufanya biashara, na sikufanya. Dada yangu mkubwa, muuguzi mwenye haki ya kuishi na kufanya kazi huko, alifungua duka dogo mtandaoni la kuuza kahawa ya nyumbani. Mama mdogo alikuwa akiikaanga kwenye sufuria nzito, akiisaga na kuifungasha pakiti za gramu 250. Mimi nilimtunzia dada hesabu, bila malipo, kama ndugu.

Pakiti iliuzwa pauni 7. Wateja walidhani tunatajirika. Daftari lilisema hivi: kutuma kwa posta ndani ya Uingereza pamoja na bahasha, pauni 2.60, ada za soko la mtandaoni na za malipo, 0.90, kuisafirisha kutoka nyumbani, 1.40, vifungashio na lebo, 0.40. Jumla ya gharama pauni 5.30. Zilibaki pauni 1.70. Tulikubaliana pauni 1 iwe ya mama mdogo na senti 70 ziwe za dada.

Katika miezi kumi na minane ziliuzwa pakiti 612. Mama mdogo alistahili pauni 612, ambazo kwa kiwango cha siku zile zilikuwa kama shilingi milioni moja na nusu. Dada alikuwa amemtumia zaidi ya pauni 900. Kwa hesabu hiyo, dada alikuwa amelipa na kuzidisha.

Lakini fedha hizo hazikutumwa kama malipo ya kahawa. Zilitumwa mtoto alipokosa ada. Zilitumwa mama mdogo alipolazwa. Zilitumwa bati lilipong'oka. Kila mara ujumbe ulisema "pole mama" au "hii ni ya ada". Hakuna hata mara moja tulipoandika "hii ni ya pakiti 40 za mwezi wa tatu". Kwa hiyo dada aliamini amelipa kila kitu. Mama mdogo aliamini amesaidiwa na mwanawe, na anashukuru, ila kahawa yake haijalipwa hata shilingi. Wote wawili walikuwa wakisema kweli.

Mwaka 2012 maneno yalianza kwenye msiba, mahali ambapo maneno ya namna hiyo hupenda kuanzia. Mmoja alisema "tapeli". Mwingine alisema "asiye na shukrani". Duka likafungwa, na watu wawili waliokuwa wakipigiana simu kila Jumapili wakakaa zaidi ya miaka mitatu bila kusalimiana. Mimi nilikuwa na daftari lote kwenye kompyuta yangu. Ningeweza kulisoma mbele yao siku ileile. Sikusoma. Nilijiambia hayo ni mambo ya wakubwa.

Desemba 2015 nilikaa nao sebuleni kwa mama mdogo na kusoma mstari kwa mstari. Nilipofika kwenye bei, mama mdogo alinisimamisha.

"Pauni 7 pakiti? Kwa hiyo kilo yangu iliuzwa pauni 28?"

"Ndiyo, mama."

"Na posta ikala 2.60?"

"Ndiyo."

Alinyamaza kidogo. Kisha akasema, "Mwanangu, sikuhitaji hela yote. Nilihitaji kuambiwa."

Dada alilia, na mama mdogo akaenda kuweka chai. Duka halikufunguliwa tena. Udugu ulirudi, ingawa nilichelewa, na miaka ile mitatu hakuna aliyeilipa.

Mambo manne ya kushika

Nikichanganya historia hiyo na madaftari ya watu wetu ninaowatunzia hesabu, naona mambo manne yanayotenganisha biashara ndogo inayokua na ile inayokufa.

La kwanza ni kutenganisha msaada na malipo. Hakuna anayekukataza kumsaidia mama, shangazi au mdogo wako. Tuma msaada kwa siku yake na malipo kwa siku yake, na kila muamala uandikiwe maelezo yake. Simu ya mkononi ina nafasi ya ujumbe, na maneno sita yanatosha kuokoa udugu.

La pili ni kutangaza bei ya mwisho na makato. Mpe wa nyumbani mchanganuo wote: bei ya mteja, posta, ada, kodi, kinachobaki. Akijua, atakuwa mshirika wako na atakusaidia kupunguza gharama. Asipojua, mwaka 1937 utakuja sebuleni kwenu.

La tatu ni kuanza na hesabu ya pakiti moja kabla ya kuota pakiti elfu. Duka la dada lilibakiza senti 70 kwa pakiti, kabla ya kuhesabu saa zake za usiku. Kuongeza mauzo kusingelisaidia sana, kwa kuwa posta inapanda na kila pakiti. Kuuza pakiti nne kwa pamoja kungelisaidia, kwa kuwa gharama ya kutuma kila moja ingepungua. Huko ndiko kukua: kubaki na kingi zaidi kwa kila unachouza, kabla ya kuuza vingi zaidi.

La nne ni sheria za huko uliko, ambazo hubadilika. Angalia kwanza masharti ya ukazi wako. Wanafunzi wengi walio nje hawaruhusiwi kujiajiri, na duka dogo linaweza kukugharimu viza. Uingereza ina msamaha wa pauni 1,000 za mapato ya biashara kwa mwaka wa kodi. Ukizidi hapo, unawajibika kujiandikisha. Ujerumani hutoza kodi maalumu ya kahawa, euro 2.19 kwa kila kilo iliyokaangwa, na wengi wetu hawaijui mpaka barua ya forodha ifike mlangoni. Umoja wa Ulaya, kuanzia tarehe 1 Julai 2021, uliondoa msamaha wa kodi ya ongezeko la thamani kwa vifurushi vidogo visivyozidi euro 22. Marekani ilikuwa ikiruhusu vifurushi vya hadi dola 800 kuingia bila ushuru, na tarehe 29 Agosti 2025 msamaha huo ulisitishwa kwa nchi zote. Aliyekuwa akituma mikoba ya vitenge mmoja mmoja kwa wateja wa Marekani alilazimika kupiga hesabu upya ndani ya wiki chache. Na huku nyumbani, anayesafirisha kahawa kibiashara anahitaji kibali cha Bodi ya Kahawa. Begi la ndugu anayesafiri si njia ya kujengea biashara.

Naongeza neno kwa walio nyumbani, kwa sababu lawama si ya upande mmoja. Mteja wa mtandaoni akiahidiwa mzigo Jumatano, Jumatano ni Jumatano. Pakiti ya gramu 250 iwe na gramu 250. Mteja huyo haoni sura yako wala hajui ukoo wako. Anajua tu nyota atakazompa muuzaji, na akitoa nyota moja, ndugu yako aliye nje amepoteza wateja kumi asiowajua. KNCU ilijua hili ilipopanga madaraja ya kahawa: kahawa mbaya ya mmoja hushusha bei ya wote.

Kwa nini naandika haya katika kijitabu cha harambee

Mwaka huu chama chetu kinaomba michango kwa ajili ya chumba cha kompyuta katika sekondari yetu, pamoja na mafunzo ya jioni ya utunzaji wa hesabu kwa vijana na vikundi vya akina mama. Nimesikia watu wakiuliza kama kompyuta ni kipaumbele wakati barabara bado ina mashimo na zahanati inahitaji rangi. Ni swali la haki, na lisichukuliwe kama upinzani.

Jibu langu kama mhasibu ni hili. Tuna watu wetu karibu kila bara, na wengi wanataka kufanya biashara na nyumbani. Wanakwama kwa sababu upande wa huku hakuna mtu wa kuandika. Mwanamke anayekaanga kahawa nzuri hana wa kumwekea daftari. Kijana anayeongoza wageni mlimani hawezi kujibu barua pepe kwa wakati. Kwa hiyo ndugu wa ng'ambo hushika kalamu peke yake, na mwenye kalamu peke yake, hata awe mwaminifu kiasi gani, mwisho wake ni kushukiwa. Chumba hiki kitaweka kalamu ya pili nyumbani. Kila biashara ya mbali iliyodumu hapa mlimani, tangu siku za risiti za chama cha msingi, ilikuwa na kalamu mbili.

Nimejitolea kufundisha somo la hesabu wiki mbili kila Desemba na wiki moja kila Juni, bila malipo. Mama mdogo, ambaye sasa ana umri wa kukaa na kuhudumiwa, ameniambia atahudhuria somo la kwanza na atakaa mbele. Alisema anataka kuona kama nitaanza na bei.

Taarifa ya mapato na matumizi ya chama kwa mwaka uliopita imo ndani ya kijitabu hiki. Naomba uisome kabla ya kufungua pochi. Ukiona mstari usiouelewa, uliza siku ya mkutano, mbele ya watu wote. Hatutaudhika. Afadhali swali mkutanoni kuliko minong'ono msibani.